Hedhi Baada ya Kisu: Historia ya Upasuaji wa Mimba ya Nje ya Kizazi

Mimba ya nje ya kizazi ni mimba inayotunga mahali pasipokuwa ndani ya mji wa mimba, na mara nyingi mahali hapo huwa katika mrija mmojawapo wa uzazi, yaani njia nyembamba inayolipokea yai kutoka kwenye ovari, ambayo ni kifuko kinachotunza na kupevusha mayai ya mwanamke, na kulifikisha katika mji wa mimba. Kuta za mrija haziwezi kutanuka kama za mji wa mimba, kwa hiyo kiinitete kinapokua humo kwa wiki chache mrija huvuja damu au hupasuka, na damu humwagika ndani ya tumbo. Kabla ya hapo mwanamke huwa amekosa siku zake, kisha hutokwa na damu kidogo ambayo yeye mwenyewe na tabibu wake huweza kuidhania hedhi iliyochelewa, ilhali damu iliyo nyingi imejificha tumboni wala haionekani. Kwa sababu hiyo historia ya kuutibu ugonjwa huu haiwezi kutenganishwa na historia ya kuielewa hedhi yenyewe, maana madaktari walijifunza kuukata na kuutoa mrija kabla hawajajua hedhi inatawaliwa na nini, na miili ya wanawake waliopona kisu ndiyo iliyowalazimisha kuyaacha mengi waliyoyaamini.

Miongoni mwa maelezo ya kale yanayojulikana kuhusu mimba hiyo ni yale ya Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu mpasuaji wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, ambaye katika kitabu chake kiitwacho al-Tasrif alisimulia habari za mwanamke aliyevimba tumboni, uvimbe ukapasuka ukitoa usaha, na baadaye mifupa ya mtoto aliyefia ndani ikaanza kutoka kupitia kidonda hicho. Mirija yenyewe ilielezwa kwa uangalifu na Gabriele Falloppio wa Italia mwaka 1561, na mwaka 1672 Regnier de Graaf wa Uholanzi akachapisha kitabu kuhusu viungo vya uzazi vya mwanamke, ambamo mlikuwa na mchoro wa mimba iliyotunga katika mrija. Hata hivyo, maarifa hayo yalipatikana kwa kuwapasua waliokwisha kufa, na kwa mwanamke aliye hai, mwenye maumivu ya ghafla, uso uliokwisha damu na mapigo ya moyo yanayofifia, hayakuwa na msaada wowote.

Kikwazo kimojawapo kilikuwa nadharia iliyotawala kuhusu damu. Kwa wafuasi wa Galen, mwanachuoni wa tiba wa karne ya 2 ambaye maandishi yake yalisomwa kwa karne nyingi katika nchi za Kiislamu na za Ulaya, hedhi ilikuwa njia ya mwili kutoa damu iliyozidi, na hedhi iliyozuilika ilikuwa chanzo cha maradhi, hivyo dawa yake ilikuwa kuifungua njia ya damu au kuitoa kwa mahali pengine. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako tiba ya Kiyunani iliingia kupitia vitabu vya Kiarabu, fikra za miili yenye asili ya joto na baridi zilikutana na desturi ya kuumika, yaani kuvuta damu kwa chuku. Katika mfumo wa namna hiyo wa kufikiri, mwanamke aliyekosa siku zake kisha akashikwa na maumivu ya tumbo aliweza kutolewa damu na tabibu, hali alikuwa tayari anaipoteza kwa ndani.

Waliothubutu kulifungua tumbo katika karne ya 18 walikuwa wachache, na walifanya hivyo kwa mimba zilizokwisha kukua sana nje ya mji wa mimba, wala si kwa mirija iliyopasuka karibuni. John Bard wa New York alimpasua mwanamke wa namna hiyo mwaka 1759 na mgonjwa akapona, na William Baynham wa Virginia alifanya vivyo hivyo mwaka 1791, wakati ambapo dawa za nusukaputi hazikuwapo kabisa. Kwa waliosalia, hadi katika karne ya 19, matabibu walijaribu kukiua kiinitete kwa kukichoma sindano ya mofini, kwa kukipitishia umeme au kwa kuwatoa akina mama damu, na wengi walisubiri tu. Mwaka 1876 John Parry wa Philadelphia alikusanya habari za wagonjwa 500 kutoka maandishi ya tiba ya nchi mbalimbali, akaona kwamba 336 kati yao walikufa, yaani takriban wawili katika kila watatu. Parry alihuzunika kwamba taaluma iliyokwisha kuwa na ujuzi wa kupasua ilikuwa ikiwatazama wanawake hao wakifa, ingawa njia ya kuuzuia mshipa unaovuja ilikuwa rahisi kufikirika.

Kusitasita huko kulitokana pia na kutoitambua damu iliyomo tumboni. Katikati ya karne ya 19, Auguste Nélaton wa Paris alieleza uvimbe wa damu unaojikusanya nyuma ya mji wa mimba, na baadhi ya madaktari wa wakati huo waliuchukulia kuwa ni hedhi iliyopotea njia, kwamba damu ya mwezi ilishindwa kutoka nje ikarudi kinyumenyume hadi tumboni. Mgonjwa aliyedhaniwa kuwa na hedhi iliyorudi nyuma alilazwa kitandani, akawekewa barafu na kupewa afyuni, na kwa kuwa baadhi yao walipona, dhana hiyo ilizidi kupata nguvu. Haikujulikana bado kwamba wengi wa wanawake hao walikuwa waja wazito, na kwamba damu ile ilitoka katika mrija uliopasuka.

Mtu aliyebadili mwenendo huo alikuwa Robert Lawson Tait, mzaliwa wa Edinburgh mwaka 1845 aliyefanya kazi Birmingham, Uingereza. Mwaka 1881 daktari mwenzake aitwaye Hallwright alimwita amtazame mwanamke aliyekuwa akivuja damu kwa ndani, akapendekeza tumbo lifunguliwe na mrija uliopasuka utolewe, lakini Tait alikataa na mgonjwa akafa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba kuufunga mshipa uliokuwa ukivuja kungekuwa kazi nyepesi, na Tait mwenyewe baadaye aliandika waziwazi kwamba alikosea. Tarehe 17 Januari 1883 alimpasua kwa mara ya kwanza mgonjwa wa hali hiyo, ila alipoteza muda akijaribu kukibandua kifuko cha mimba kutoka kwenye viungo kilikoshikamana, damu ikazidi kumwagika na mwanamke akafariki. Kutokana na kifo hicho alibadili utaratibu: katika upasuaji uliofuata alishuka moja kwa moja kwenye mji wa mimba, akaufunga kwa uzi mkunjo wa nyama unaobeba mrija na mishipa yake ya damu, na baada ya hapo tu akaukata mrija. Mgonjwa huyo alipona, na kufikia mwaka 1888, alipochapisha mihadhara yake kuhusu jambo hilo, Tait alikuwa amewapasua wanawake 42, waliokufa wakiwa wawili tu. Katika mihadhara hiyo alisisitiza pia kwamba mimba iliyopasuka ndiyo chanzo kikubwa cha ule uvimbe wa damu uliokuwa umesingiziwa hedhi.

Tait huyohuyo, hata hivyo, alikuwa na kosa lake kuhusu hedhi. Tangu mwaka 1872, yeye, Robert Battey wa jimbo la Georgia nchini Marekani na Alfred Hegar wa Ujerumani walianza, kila mmoja kwa njia yake, kuwatoa wanawake ovari kwa nia ya kukomesha hedhi zenye maumivu makali au kuvuja damu kupita kiasi. Baadhi ya wanawake waliopasuliwa waliendelea kupata hedhi, na jambo hilo lilizusha ubishi, maana ikiwa ovari ndizo zinazoitawala hedhi, basi kwa nini damu iendelee kutoka baada ya ovari kuondolewa? Wengine walijibu kwamba kipande cha ovari kilikuwa kimesahauliwa tumboni. Tait akadai kwamba mtawala wa hedhi ni mirija, na kwamba atakaye kuikomesha damu hana budi kuitoa mirija pamoja na ovari. Daktari aliyewafungulia wanawake wenye mimba ya nje ya kizazi mlango wa kuokoka alikuwa, kwa hesabu ya nadharia yake, anawanyang'anya sehemu ya kiungo alichokiamini kuwa ndicho chemchemi ya hedhi.

Ushahidi wa kuikanusha nadharia hiyo ulizidi kuonekana kadiri upasuaji wenyewe ulivyoenea. Wanawake waliotolewa mrija mmoja walirudi kupata siku zao kama zamani, na waliopata mimba ya nje mara ya pili na kutolewa mrija wa upande uliobaki waliendelea kuona hedhi ya kila mwezi maadamu ovari moja ilibaki. Wakati huohuo majaribio ya wanyama yalifafanua sababu. Emil Knauer wa Vienna aliripoti mwaka 1896 kwamba sungura waliotolewa ovari kisha wakapandikiziwa mahali pengine mwilini hawakudhoofika viungo vyao vya uzazi, na mwaka 1901 Josef Halban, naye wa Vienna, akaonyesha kwamba hata hedhi ya nyani hudumu iwapo ovari zao zimehamishiwa mahali pengine. Kwa hiyo mawasiliano baina ya ovari na mji wa mimba yalikuwa yakipita katika damu kwa kemikali ambazo baadaye ziliitwa homoni, na mrija, ambao ni njia ya kupitishia yai, haukuwa na sehemu yoyote katika kuiamuru hedhi.

Mwaka 1908 Fritz Hitschmann na Ludwig Adler walieleza kwamba utando wa ndani wa mji wa mimba hubadilika mwezi mzima kwa mpangilio, ukinenepa ili kuipokea mimba na kubomoka pale mimba isipotunga, na katika miaka ya 1920 Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba yai hutoka kwenye ovari takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Uvumbuzi huo ulieleza damu ya aina mbili ambazo mwanamke aliyepasuliwa huziona, na ambazo madaktari wa zamani walishindwa kuzitenganisha. Ya kwanza ni ile inayoanza siku chache baada ya upasuaji, au hata kabla yake: mji wa mimba, ingawa hauna mtoto, huwa umepokea amri za homoni za ujauzito na kunenepesha utando wake, na homoni hizo zinaposhuka utando huo hubomoka, wakati mwingine ukitoka kama pande moja la nyama linaloweza kudhaniwa kuwa mimba iliyoharibika. Mabadiliko ya chembe za utando huo yalielezwa mwaka 1954 na Javier Arias-Stella wa Peru, ambaye jina lake limebaki katika vitabu vya maabara. Damu ya pili ndiyo hedhi yenyewe, nayo hurudi baada ya ovari kupevusha yai jipya, kwa kawaida kati ya wiki 4 na 6 tangu upasuaji, na ile ya mwanzo huweza kuwa nzito au yenye maumivu kuliko ilivyozoeleka.

Namna ya kumwuguza mwanamke baada ya kisu ina historia yake pia. Katika karne ya 19 mgonjwa aliyefunguliwa tumbo alilazwa chali kwa wiki kadhaa, kwa hofu kwamba akisimama mshono ungeachia, na wengi walioepuka kifo mezani walikufa kitandani kwa damu kuganda miguuni na kusafiri hadi mapafuni. Emil Ries wa Chicago aliandika mwaka 1899 akiwataka wapasuaji wawainue wagonjwa mapema, lakini wito wake haukusikilizwa sana mpaka miaka ya 1940, ambapo uhaba wa vitanda na wauguzi wakati wa vita uliwalazimisha madaktari kuona kwamba anayetembea mapema hupona mapema. Upungufu wa damu ulikuwa tatizo gumu zaidi. Karl Landsteiner alitangaza makundi ya damu mwaka 1901, na mwaka 1914 Johannes Thies wa Ujerumani aliwarudishia wanawake waliopasukwa na mimba ya mrija damu yao wenyewe iliyochotwa tumboni. Katika hospitali za Afrika zisizokuwa na benki ya damu, njia hiyo ilidumu kwa miongo mingi baada ya kupungua Ulaya: damu mbichi isiyo na uchafu wala harufu huchotwa kwa kikombe kilichotakaswa, huchujwa kwa shashi ya tabaka kadhaa ndani ya chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, na kurudishwa katika mshipa wa mgonjwa. Maurice King, aliyewahi kufanya kazi Kampala, na wenzake waliieleza katika kitabu cha upasuaji kilichokusudiwa hospitali za wilaya, na tishio la virusi vya ukimwi katika damu ya kuchangiwa liliipa njia hiyo sababu mpya ya kuthaminiwa. Nchini Tanzania kazi ya kuufunga mrija uliopasuka imefanywa kwa miaka mingi na madaktari wasaidizi, ambao mafunzo yao yalianza mwaka 1963, maana mgonjwa wa namna hii mara nyingi hawezi kuistahimili safari ya kwenda hospitali ya rufaa.

Katika mwambao wa Waswahili mwanamke aliyepasuliwa alirudi katika nyumba zilizokuwa na utaratibu kamili wa kumwuguza mzazi. Aliyejifungua alikaa ndani siku arobaini, akakandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa mkaja na kunywa uji wenye pilipili manga, na mkunga pamoja na wanawake wa ukoo walimtumikia ili mwili ufunge na nguvu zimrudie. Utaratibu huo ulihusu mwili uliozaa na tumbo lisilo na jeraha, hivyo haukuweza kuhamishwa wote kwa aliyetoka chumba cha upasuaji, kwani kidonda cha tumbo hakikandwi wala hakibanwi, na kinatakiwa kibaki kikavu mpaka kifunge. Mapumziko, chakula chenye kurudisha damu na kuondolewa kazi nzito, kama kuchota maji, kutwanga na kubeba kuni, vilikubaliana kabisa na maagizo ya wauguzi, lakini aliyekuwa na haki ya mapumziko hayo machoni pa jamii alikuwa mzazi mwenye mtoto mkononi, na mwenye mshono bila mtoto alihitaji kutetewa ili apewe.

Elimu ya dini nayo ilikuwa imewazoesha wanawake wa mwambao kuzitofautisha damu kwa makini. Fiqhi, yaani elimu ya sheria za ibada, katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, hutenganisha hedhi, nifasi ambayo ni damu ya baada ya uzazi, na istihadha ambayo ni damu ya ugonjwa isiyomzuia mwanamke kusali na kufunga, na huweka mipaka ya siku: hedhi haizidi siku 15, na nifasi kwa kawaida huwa siku 40 wala haivuki 60. Mwanamke aliyefundishwa hivyo hulazimika kuijua ada yake, yaani mazoea ya siku zake, na anayeijua ada yake huweza kumweleza daktari kwamba damu aliyoiona safari hii ilichelewa, ilikuwa nyeusi na haba kuliko desturi. Maelezo kama hayo ndiyo yanayomfanya tabibu aliye macho aufikirie mrija kabla haujapasuka.

Vyombo vya kuthibitisha shaka hiyo vilikuja polepole. Selmar Aschheim na Bernhard Zondek wa Berlin walitangaza mwaka 1928 kipimo cha ujauzito kilichotumia mkojo wa mwanamke na panya wachanga, Ian Donald wa Glasgow alichapisha mwaka 1958 picha za tumbo zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti, na mwaka 1972 Judith Vaitukaitis na wenzake wa Marekani wakaeleza kipimo cha damu kinachoweza kutambua kiasi kidogo sana cha homoni ya ujauzito. Mimba ilipoanza kuonekana kabla ya kupasua mrija, lengo la upasuaji likapanuka kutoka kuokoa maisha hadi kuokoa uzazi. Mwaka 1953 William Stromme wa Marekani alieleza upasuaji wa kuufungua mrija na kuitoa mimba huku mrija ukiachwa mahali pake, na mwaka 1980 Maurice Bruhat na wenzake wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, waliripoti kazi hiyohiyo ikifanywa kwa darubini inayopitishwa katika matundu madogo ya tumbo. Mwaka 1982 madaktari wa Japani walitumia methotreksati, dawa inayozuia chembe zinazokua haraka, badala ya kisu. Njia hizo zilifupisha siku za kulazwa, lakini ziliongeza wajibu mpya, kwani mrija ulioachwa unaweza kubaki na chembe za mimba zinazoendelea kukua, na kwa hiyo mgonjwa hupimwa homoni kila wiki mpaka iishe mwilini, hata kama hedhi yake imekwisha kurudi.

Mrija wenyewe uligeuka kuwa kitu kinachoweza kuzungukwa. Patrick Steptoe na Robert Edwards wa Uingereza waliporipoti mwaka 1976 mimba yao ya kwanza iliyotokana na yai lililorutubishwa nje ya mwili, mimba hiyo ilitunga katika mrija na ikabidi itolewe, na miaka miwili baadaye, Julai 1978, akazaliwa Louise Brown, ambaye mama yake alikuwa na mirija iliyoziba. Kuhusu aliyebaki na mrija mmoja mzima, utafiti wa nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha wanawake waliotolewa mrija wenye mimba na wale walioachiwa, ukaona kwamba katika miaka mitatu waliopata mimba inayoendelea bila kusaidiwa walikuwa asilimia 56.2 kwa waliotolewa na asilimia 60.7 kwa walioachiwa, tofauti ambayo haikutosha kuthibitisha kwamba njia moja inaishinda nyingine. Uamuzi wa Tait wa kuutoa mrija, alioufikia akiwa na nadharia potofu kuhusu hedhi, umebaki kuwa uamuzi unaotetewa kwa hoja nyingine kabisa.

Historia hii yote inaiwekea hedhi mipaka ya kile inachoweza kushuhudia. Kurudi kwake baada ya upasuaji kwa kawaida kunaonyesha kwamba ovari imepevusha yai na kwamba mji wa mimba unaitikia, na kwa kuwa yai hutangulia damu kwa takriban wiki mbili, mwanamke anaweza kushika mimba kabla hajaiona hedhi yake ya kwanza. Hedhi haionyeshi kwamba mrija uliobaki uko wazi, wala haithibitishi kwamba chembe za mimba ya zamani zimekwisha, na haipunguzi uwezekano, unaokadiriwa kuwa takriban mmoja katika kila kumi, wa mimba ijayo nayo kutunga nje ya kizazi. Kwa mwanamke mwenye historia hiyo, siku zikichelewa tena, hata kwa juma moja, jambo linalofaa ni kwenda kupimwa mapema bila kungoja damu ije kutoa jibu, kwa maana damu hiyo imekwisha kuwadanganya matabibu mahodari kwa karne nyingi.